Keki ya Mwezi Haikatwi Bila Kuhesabu

Nimestaafu mwaka huu. Wiki ya kwanza Bahati, kijana wa Uvira aliyeshika nafasi yangu kwenye meza ya keki, alinipigia simu kila siku kuniuliza habari za shira. Wiki ya pili nikamwambia nitaandika, maana simu humchosha mtu mwenye sikio bovu. Basi haya ni yake na ya wenzake watakaoingia baada yake. Mishahara na vyeo siandiki. Mshahara mnaujua, na cheo hakikuwepo.

Niliingia katika chumba kile cha chini, huko Koekelberg nyuma ya basilika, mwaka wa tisini na moja. Kabla ya hapo nilisafisha ofisi upande wa Schuman. Na kabla ya Ubelgiji, nilipomaliza sekondari Bukavu, nilijifunza kuoka mikate kwa mapadri. Kwa hiyo nilijiona mwokaji kamili, nami nilimwambia hivyo mwenye duka la keki, Bwana Lam. Alikuwa Mchina wa kusini, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko uso wake. Sisi watu wa Kivu tulimwita Papa Lam. Kifaransa chake kilikuwa kifupi kama changu, ndiyo maana tulielewana.

Siku ya kwanza alinipa kazi ndogo ya kusafisha vibao. Mnavijua: vibao vya mbao ngumu vyenye mpini, na katikati shimo la mviringo lililochongwa maua na sungura, ambamo unga uliokandwa hushindiliwa ili keki ipate sura. Kazi ndogo humponza mtu anayejiona mkubwa. Nilijaza beseni maji ya moto, nikatia sabuni, nikavitumbukiza vyote, nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi viwili vilikuwa vimevimba, na kimoja kilikuwa na ufa kutoka sikio la sungura hadi ukingoni.

Papa Lam alikichukua kile chenye ufa akakitazama upande huu na upande ule.

"Hiki kilikuja na baba yangu," alisema.

Nilisema nitalipa.

"Utamlipa nani? Baba amekufa."

Kisha akanipa brashi kavu na kikombe cha mafuta, akarudi kwenye tanuri. Hakukitaja tena. Kibao kile bado kipo kwenye rafu ya juu. Keki zake hutoka na mstari mwembamba, na sasa mnajua mstari ule ulitoka wapi. Kibao hakioshwi, enyi vijana. Kinapigwa-pigwa, kinasuguliwa kwa brashi, kinapakwa mafuta kidogo, basi.

Kugonga kulinichukua msimu mzima. Unashindilia donge la unga lililokwisha kujazwa, unagonga kibao mezani upande wa kushoto, unagonga upande wa kulia, kisha unakigeuza ugonge kichwa chake, na keki inaangukia kiganjani. Ukigonga kwa hasira inatoka imepinda. Ukigonga kwa woga haitoki. Papa Lam alikuwa akinisikiliza akiwa amenipa mgongo. "Mara hii una haraka," alikuwa akisema bila kugeuka, na kweli nilikuwa na haraka.

Kosa la msimu wa pili lilikuwa kubwa zaidi. Keki za mwezi zikitoka tanurini huwa ngumu na kavu, rangi yake haina uhai. Mimi, mwanafunzi wa mapadri, nilijua kwamba keki ngumu ni keki iliyoharibika. Papa Lam alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Nikaona nimfichie aibu, nikatupa trei zima kwenye pipa na kuanza upya. Aliporudi, shavu limevimba, alikuta pipa limejaa. Alikaa juu ya gunia la sukari. Hakuweza kusema vizuri kwa sababu ya sindano, kwa hiyo mkewe, Madame Lam, ndiye aliyenieleza: keki hizi haziliwi siku ile zilipookwa. Huwekwa siku mbili, tatu. Mafuta ya ndani hurudi nje polepole, ganda linalainika, linang'aa. Keki ya siku ya kwanza haijawa keki bado.

"Na wewe," Madame Lam alimwambia mumewe, "kwa nini hukumwambia?"

Papa Lam alijibu kitu kwa Kichina.

"Anasema alidhani kila mtu anajua."

Hadithi nilizisikia wakati wa kufunga viini. Mnajua kazi ile: kiini cha yai la bata lililokaa kwenye chumvi unakizungushia rojo la mbegu za yungiyungi, unapima, unazungusha, unapima. Mikono inafanya kazi na mdomo uko huru. Sikukuu yenyewe ni siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane katika kalenda yao ya mwandamo, wakati mwezi umepevuka na mavuno yameingia. Kwetu hapa huangukia Septemba, au Oktoba ikiwa bado changa. Wachina husema mwezi wa siku ile ni wa kukutana. Familia hukaa pamoja, huutazama, hula keki ya mviringo kama mwezi wenyewe.

Kwenye mwezi, walisema, anaishi mwanamke. Mumewe alikuwa mpiga mishale aliyeangusha majua yaliyozidi, akapewa dawa ya kutokufa kuwa zawadi. Mke akainywa peke yake, akawa mwepesi, akapaa mpaka mwezini, mume akabaki uani anatazama juu. Hadi hapo Papa Lam na mkewe walikubaliana.

"Alikunywa kwa uchoyo," alisema Papa Lam.

"Mwizi aliingia nyumbani," alisema Madame Lam. "Angefanya nini, ampe mwizi?"

"Mwizi umemwongeza wewe."

"Alimwongeza mama yangu. Kamwulize."

"Mama yako amekufa."

"Basi huna ushahidi."

Ubishi huo niliusikia kila msimu, na hakuna aliyeshinda. Kuna pia mtu aliyehukumiwa kuukata mti mwezini, na kila akitoa shoka mti unapona. Papa Lam alimpenda huyo. Na kuna sungura anayetwanga dawa kwenye kinu. Nilimwambia kwamba kwetu sungura hatwangi. Kwetu sungura hula kilichotwangwa na wengine.

Alifikiri kidogo. "Ndiyo maana wenu bado yuko chini."

Watoto wao hukatazwa kuunyooshea mwezi kidole, usije ukawakata sikio. Na kuna msemo mmoja ambao ndio sheria ya kazi yetu: mwezi wa siku ya kumi na tano hukamilika siku ya kumi na sita. Waokaji siku ya kumi na tano wako kazini, wateja wamesimama ngazini mpaka barabarani. Sikukuu yetu ni kesho yake. Papa Lam alisema aliyeutunga msemo huo lazima alikuwa na tanuri.

Familia yangu ilifika Ubelgiji mwaka wa tisini na tatu, mke wangu na watoto, isipokuwa Neema. Neema ni kifungua mimba wetu, ndiye aliyetupa majina: mimi Papa Neema, mke wangu Mama Neema. Alikuwa shule ya uuguzi Bukavu. Mimi ndiye niliyeamua abaki. Nilisema diploma kwanza, tiketi baadaye. Mama yake alitaka waje wote pamoja. Nilishinda ubishi ule, na sijapata kushinda jambo baya kuliko hilo.

Mwaka huo nilipeleka nyumbani sanduku la keki ambalo Papa Lam humpa kila mfanyakazi. Tulikuwa tunapanga nyumba mtaa mdogo unaotokea Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge. Papa Lam alikuwa amenielekeza vizuri: keki haing'atwi, inakatwa. Unahesabu watu wa nyumba, unakata vipande kwa idadi yao, vyote sawa, na mkubwa hamzidi mdogo. Nami nilikuwa na hamu ya kuonyesha ufundi. Nikakaa mezani, nikashika kisu, nikaanza kuwahesabu kwa sauti, nikimwelekezea kila mmoja ncha ya kisu.

"Papa Neema, weka kisu chini," alisema mke wangu. "Unafanya nini?"

"Ninahesabu. Ndiyo desturi ya hii keki."

"Batoto habahesabiwake. Hata mwenye mbuzi, kama iko na akili, hahesabu kwa sauti."

"Mama Neema, hii ni gâteau, si uchawi."

"Alors kata bila kusema."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea, mimi nitakosa. Lete hapa."

Vijana mliokulia hapa huenda hamlijui hili. Kwetu hakuna anayekwambia idadi ya watoto wake. Ukiuliza, atasema wapo, au atakutajia majina. Anayehesabu anamfungulia mlango mpunguzaji. Mimi nililijua tangu utotoni, lakini nilikuwa nimekaa Ulaya miaka kadhaa na nilidhani limebaki uwanja wa ndege. Mke wangu alikwenda na keki jikoni, akarudi na vipande kwenye sahani, akavigawa kimya.

Kesho yake Papa Lam aliuliza vilikuwa vipande vingapi. Nilimweleza yote. Alicheka sana. Alisema mama yake alikuwa akimwita Mbwa Mdogo mpaka alipooa, ili pepo wasijue kwamba kuna mtoto wa kiume nyumbani. Mke wangu alikuwa na haki, alisema. Kisha akaacha kucheka.

"Na binti aliyebaki? Alipata kipande?"

"Yuko Afrika."

"Aliye mbali ndiye sababu ya keki. Aliye karibu anaweza kula mkate."

Jioni nilimwambia Mama Neema, naye, tofauti na nilivyotarajia, alikubali mara moja. Tangu hapo ukawa utaratibu wetu: yeye hukata, na kwa kila mkato hutaja jina, la kwanza likiwa la Neema. Majina si hesabu. Kipande cha Neema alikila yeye siku inayofuata, na chai. Tulipompigia simu Bukavu, nilimsikia akimsimulia.

"Gâteau yako nimekula. Ilikuwa muzuri. Iko na yai ndani, ya chumvi."

Kisha akanipa simu. "Anauliza nani anatia yai ndani ya gâteau. Jibu wewe."

Vita vilifika Bukavu mwaka wa tisini na sita, wiki chache baada ya sikukuu. Waliokuwepo hawahitaji nieleze, na wasiokuwepo siwezi kuwaeleza. Shule ya uuguzi ilibaki tupu. Simu ya bweni ililia bila kupokelewa, kisha ikaacha hata kulia. Pale Chaussée de Wavre, kwenye vibanda vya simu, tulisimama watu wa Kivu tukibadilishana habari za barabara. Mama mmoja alisema alimwona Neema akielekea magharibi, msituni. Mwingine aliapa alimwona upande wa ziwa. Hawangeweza kusema kweli wote wawili. Nilichokiona mwaka ule ni kwamba watu wetu waliacha kuniita Papa Neema. Walianza kuniita tonton, yaani mjomba. Walifanya hivyo kwa heshima.

Kazini niliendelea. Mikono haihitaji moyo ili ifanye kazi, jambo ambalo ni baya na zuri. Septemba ya tisini na saba ikaja na sikukuu. Nilileta sanduku nyumbani kama kawaida, nikaliweka mezani. Siku ya kumi na sita, baada ya chakula, Mama Neema alilisogeza kwake na hakulifungua.

"Nikimukatia, ninasema iko," alisema. "Nikikosa kumukatia, ninasema haiko. Mimi ni nani wa kusema?"

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilisema tukate tu, ni keki, na watoto wanasubiri. Mama Neema aliinuka. Kisha akaondoka na sanduku, akaliweka juu ya kabati la chumba cha kulala. Watoto hawakuuliza. Nilikuwa nimeoka keki za nusu ya Wachina wa mji huu, na nyumbani kwangu haikukatwa hata moja.

Nilimweleza Papa Lam, nikitarajia aseme kwamba desturi yao ina jibu. Alikuwa akipaka yai juu ya keki. Kumbukeni, yai kidogo sana, kwa ncha ya brashi. Likizidi sura ya kibao inafutika. Aliendelea kupaka akisema kwamba kaka yake mkubwa aliondoka kijijini wakati wa njaa, kwa kuogelea kwenda ng'ambo, na kwa miaka hawakujua kama alifika. Mama yao alimkatia kila mwaka, hata mwaka ambao keki ilikuwa ya viazi.

"Alijuaje kama yuko hai?" niliuliza.

"Hakuuliza kama yuko hai. Aliuliza kama ni mtoto wake."

"Na alifika?"

Papa Lam alisukuma trei tanurini. "Trei linalofuata," alisema.

Nilimpelekea Mama Neema maneno yale. Alisema mama yule alikuwa na nguvu kumzidi, na sanduku likabaki pale juu.

Simu ililia mwaka uliofuata, siku moja ya Januari, tukiwa tunakula. Mama Neema aliipokea akakunja uso, hata nikadhani ni watu wa umeme.

"Sema tena," alisema. Halafu: "Shikamoo? Uko wapi unasema shikamoo?"

Neema alikuwa Kigoma. Alikuwa amevuka ziwa kwa boti, usingizi na njaa vikiwa vimemchanganya, akapelekwa kambini, akaugua, akapona, akapewa kazi kwenye zahanati ya kambi kwa sababu alikuwa na nusu ya diploma ile niliyoing'ang'ania. Namba yetu ilipotea na mfuko wake. Aliipata kwa mtu aliyemjua mtu aliyewahi kununua vitenge chini ya nyumba yetu. Tulizungumza mpaka fedha zake zikaisha. Mama yake hakulia. Alilalamika tu kwamba mtoto amebadilika, anasema kama Watanzania, kila neno limenyooshwa. Kisha akapanda kiti, akashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Keki zote zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Keki ya mwezi hudumu wiki kadhaa tu, vijana, msimdanganye mteja.

Kumleta Ulaya hatukuweza. Alikuwa mtu mzima sasa, na ofisi ya wahamiaji huruhusu watoto tu kuwafuata wazazi. Kama angekuja na wengine mwaka ule wa tisini na tatu ingekuwa rahisi. Jambo hili mke wangu hajawahi kunitajia, nami najua kila siku ambayo hakulitaja. Vita vya pili vilipoanza tulishukuru kwamba alikuwa ng'ambo ya ziwa. Ndiyo shukrani tuliyokuwa nayo.

Sikukuu ya mwaka huo iliangukia Oktoba. Siku ya kumi na sita nilileta sanduku, tukalifungua, na Mama Neema alikuwa akitafuta kisu kizuri simu ilipolia. Nilipokea mimi.

"Shikamoo baba. Mama amekwisha kata keki?"

"Bado. Anatafuta kisu."

"Basi mwambie, changu mwaka huu akate viwili."

"Viwili? Hujawahi hata kuionja na umeanza ulafi?"

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, na mtu akipiga honi. "Baba," alisema, "mpe mama simu."

Nilimpa. Mama Neema alisikiliza amesimama, kisha akavuta kiti akakaa.

"Eh," alisema. "Eh. Na papa yake ni mutu wa wapi? Uvira? Bon. Anasali kanisa gani?" Akasikiliza. "Hapana, usiniambie mwezi gani. Usimwambie mutu. Kula tu."

Alipokata simu nilimuuliza mke wangu alichosema Neema.

"Amesema vile amesema."

Watoto walikuwa wameelewa kabla yangu. Mdogo alikuwa ameanza kucheka ndani ya mkono wake. Hivyo ndivyo nilivyopokea habari ya kuwa babu: kwa kumwita mlafi mama wa mtoto.

Mama Neema alisukuma kisu mpaka mbele yangu. "Leo kata wewe. Si wewe fundi?"

"Nikate vingapi?"

Alinisogezea sahani tu, na nikaacha kuuliza.

Kisu huchovywa kwenye maji ya moto na kufutwa kila baada ya mkato. Mnaanza katikati, mnasukuma chini bila kuburuta, ili kiini kisisambae. Nilianza na cha Neema, na kile kilicho ubavuni mwake, nikaenda nikizunguka, nikitaja majina moyoni. Kile kimoja hakikuwa na jina bado, kwa hiyo pale nilinyamaza hata moyoni.

Bahati, najua utapiga simu kuniuliza vilikuwa vipande vingapi. Vilikuwa sawasawa, na hakuna aliyekosa.